Kuweka hela kwenye saluni bila kushika wembe: halali au?

Jamaa yangu kaletewa dili, aweke mtaji kwenye saluni ya kiume, yeye hatashika mashine wala wembe, anatoa hela tu na kila mwezi wanagawana faida na kinyozi. Akaniuliza kama inafaa kwa sheria ya Kiislamu. Nikaona jibu la mkato halitamsaidia, maana hapa kuna mambo mawili na watu wanayachanganya: kazi yenyewe, na hela ya anayeiwezesha.

Kunyoa hakuna tatizo. Mtume (s.a.w.) alinyolewa kichwa pale Mina katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, akamwonyesha kinyozi aanze kulia kisha kushoto. Kwa hiyo anayesema ukinyozi wote ni haramu anawaonea watu wanaokula jasho lao.

Shida inakuja mteja ameshakaa, kitambaa kimefungwa shingoni, povu limepakwa shavuni, halafu anasema "toa zote". Hadithi ya sahaba Ibn Umar katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim inaamrisha kupunguza masharubu na kuacha ndevu, na wanachuoni wa madhehebu ya Kihanafi, Kimaliki na Kihanbali wameona kuzinyoa ni haramu, sasa kwa msimamo huo ujira wake nao haufai, kwa sababu Qur'an 5:2 inakataza kusaidiana katika dhambi. Kwa madhehebu ya Kishafi kauli iliyotegemewa na wengi wa baadaye ni makuruhu, yaani halipendezi ila si haramu, hapo huwezi kumwambia kinyozi anakula haramu. Na Ibn Umar huyohuyo, akihiji au kufanya umra, alikuwa anazishika ndevu zake kwa ngumi anakata zilizozidi, so kupunguza ni suala jingine kabisa.

Kuna na denge, kunyoa huku na kuacha kule, Mtume amelikataza, na mwanachuoni Nawawi anaeleza kuwa wanachuoni wameliona makuruhu. Saluni ya kike ndio nzito zaidi jamani, kutinda nyusi na kuunganisha nywele laana imetajwa kwa anayefanyiwa na anayefanya, kwa hiyo fundi hawezi kujitoa.

Wanaolegeza wana hoja ya mpiga chuku, yaani anayeumika watu kuwatoa damu. Mtume alilisema vibaya chumo lake, lakini yeye mwenyewe aliumikwa na Abu Tayba akamlipa, na sahaba Ibn Abbas akasema ingekuwa haramu asingempa. Hoja nzuri, ila mimi naona haifiki mbali, kwa sababu kuumika ni kitendo halali tangu mwanzo, kutinda nyusi sio.

Sasa mwenye mtaji. Wapo wanaosema dhambi ni ya aliyetenda, hela haina kosa, na wanamtaja Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Kihanafi, aliyeruhusu kukodisha nyumba hata kama mpangaji ataifanyia maasi, ingawa wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimkatalia. Lakini mwenye nyumba anapokea kodi ileile hata saluni isipopata mteja, mwekezaji wa mudharaba, yaani anayetoa mtaji mwenzake akatoa kazi wakagawana faida, anakula fungu la kila kidevu kilichonyolewa, hawawezi kuwa sawa. Tena naona yeye ndiye wa kubanwa zaidi kuliko kinyozi, maana kinyozi wa kuajiriwa akimkatalia mteja anaweza kupoteza kazi, ila mwenye hela anaamua tangu siku ya kwanza huduma gani zitakuwepo kwenye bango na zipi hazitakuwepo. Mwenye kauli hawezi kusema mimi sikuwepo.

Na mkataba wenyewe usipuuzwe, wengi wanahangaika na ndevu wanasahau riba. Faida igawanywe kwa fungu, mfano nusu kwa nusu, na hasara isiyotokana na uzembe ikitokea inakula mtaji wako huku kinyozi amepoteza nguvu zake. Ukidai upewe kiasi maalum kila mwezi na mtaji wako urudi kamili, huo ni mkopo wenye riba hata saluni iwe ya kunyolea mahujaji. Anayetaka kiasi maalum anunue viti na mashine, vibaki mali yake, avikodishe, hiyo ni ijara.

Jamaa nimemwambia wakae na kinyozi waandike huduma moja moja kwenye karatasi kabla hela haijatoka. Kiduku, ambacho nacho ni aina ya denge, kinyozi kakubali kukiacha. Kwenye kunyoa ndevu hawajaelewana, na jamaa hela bado hajaitoa.