Mnaosema Ulaya haina mipaka, mi niliipita ikiwa nayo

Kila nikirudi Tanga nayasikia, na huku Hamburg vijana wetu wanaokuja siku hizi nao wanayarudia, kwamba wenzetu Ulaya hawana mipaka bwana, unatoka nchi hii unaingia ile hata hujui umevuka saa ngapi, wakati sisi mtu anataka kwenda Mombasa tu hapo kumsalimia shangazi yake anajaza fomu, anagongewa muhuri, anaulizwa kadi ya njano, na gari nalo lidaiwe makaratasi yake. Alafu linafuata lile neno la siku zote, sisi Waafrika ndo tulivyo.

Hapo ndo huwa nabisha. Maana Ulaya mi niliipita kwa gari ikiwa na mipaka yake yote, kiangazi cha 1987, kutoka Hamburg hadi Istanbul, zaidi ya kilomita 2,500, yaani Dar hadi Tunduma na kurudi haifiki, na hao mnaowaita waliozaliwa na utaratibu niliwaona kwa macho yangu wakipokea kitu kidogo mchana kweupe.

Ilikuwa hivi. Kiwandani nilipokuwa nafanya kazi tulikuwa na Waturuki wengi, maana Ujerumani Magharibi ilisaini mkataba na Uturuki Oktoba 1961 wa kuleta wafanyakazi, na miaka ya 80 hao jamaa walishakuwa na watoto waliozaliwa hapa hapa. Sasa kila Julai na Agosti wanashuka kwao, na wanashuka kwa gari, ndege wakati huo ilikuwa ghali na mtu ana familia nzima na juu ya hapo ana friji ya mama yake. Mkubwa wetu wa zamu, tulikuwa tunamwita Abi, yaani kaka, mkewe alikuwa haendeshi na dereva aliyezoea kupokezana naye usukani alikuwa mgonjwa mwaka huo, akaniuliza we Mtanzania leseni unayo? Ninayo. Basi twende ukamwone mama.

Gari lilikuwa Ford Transit, na mzigo kwenye keria ulikuwa mrefu kama gari lenyewe, mazulia, baiskeli ya mtoto, televisheni imefungwa kwa blanketi, juu kabisa turubai na kamba zinapiga kelele kila ukizidi kilomita 90. Ukiwa nyuma ya usukani unasikia lile turubai linapumua, ukikata kona gari linabaki nyuma kidogo linafikiria kama lije au lisije.

Ila kabla ya kamba kufungwa nilikuwa na shughuli yangu mwenyewe, viza. Abi na familia yake walikuwa na pasi za Kituruki na mambo yao walishayazoea, mi na pasi yangu ya Tanzania ilibidi nizunguke kwenye ubalozi mmoja baada ya mwingine, kila nchi na dirisha lake na picha zake na ada yake, na kila dirisha linauliza swali lile lile, kwani we Mwafrika unakwenda Uturuki kwa gari kufanya nini. Wale mnaopata viza moja mkazunguka nchi kumi wiki moja, mjue hiyo kitu ni ya juzi. Mkataba wa Schengen, ule wa kuondoa ukaguzi mipakani, ulisainiwa 1985 na nchi tano tu, Ujerumani Magharibi, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, na vizuizi vyenyewe havikuondoka mpaka Machi 1995. Miaka kumi ya vikao. Mi napita 1987 karatasi ipo, imesainiwa, na barabarani hakuna aliyekuwa na habari nayo.

Ujerumani sina la kusema, na hilo lenyewe ndo la kusema. Kwenye autobahn, zile barabara zao kuu za mwendo kasi, unaipita nchi nzima, Hannover, Kassel, Würzburg, Nürnberg, München, unayaona majina tu kwenye vibao vya bluu, hukutani na binadamu. Ukisimama ni kituo cha mafuta, choo kisafi, meza ya zege, watu wanakula mikate waliyokuja nayo, kila familia na meza yake, hakuna anayemtazama mwenzie. Hujapigwa tochi, hujasimamishwa, hujauziwa kitu, hujasalimiwa. Sasa mtu aliyezoea basi la Tanga Dar, likifika Segera madirisha yote yanajaa mikono ya machungwa na korosho na mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwenye kigazeti, na konda anapiga kelele dakika kumi kuchimba dawa, mtu huyo kwenye autobahn anaweza kudhani ameshakufa anapelekwa mahali.

Lakini msinielewe vibaya, mi si wale wa kusifia kila cha nyumbani. Yale machungwa ya Segera yanauzwa na vijana wanaokimbia sambamba na basi, na barabara yetu inapita katikati ya maisha ya watu kwa sababu hakuna aliyeijenga ipite kando, watoto wanavuka, mbuzi wanavuka, na lori linaovateki kwenye mlima. Nimeshazika watu wa barabara ile. Autobahn imepooza, sawa, lakini imepooza makusudi, na unafika.

Twende. Salzburg ndo mpaka wa kwanza, Waaustria walichungulia, wakaangalia pasi yangu kwanza mbele, kisha nyuma, kisha wakamwita mwingine naye aje aangalie, tukapita. Milima ya Austria sina haja ya kuielezea, wengi mmeiona kwenye simu. Baada ya Graz ndo unaingia Yugoslavia, upande wa Maribor, na hapo safari ikabadilika.

Barabara kuu ya Yugoslavia ilikuwa na jina rasmi, Undugu na Umoja, ilijengwa baada ya vita kuu ya pili kwa mikono ya vijana wa kujitolea, mambo ambayo sisi wa Ujamaa tunayajua vizuri. Iliunganisha Ljubljana, Zagreb, Belgrade na Skopje. Zagreb kwenda Belgrade ni kama kilomita 400, tambarare, imenyooka, mahindi na alizeti kulia kushoto mpaka macho yanachoka, na sehemu nyingi ilikuwa bado njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, hakuna ukuta katikati. Sasa weka humo malori ya Ulaya nzima, weka watalii wanaokwenda Ugiriki, weka maelfu ya Waturuki ambao wameendesha toka jana bila kulala kwa sababu likizo ni wiki nne na kila usiku wa hoteli ni hela ya nyumba anayojenga kwao. Watu walikuwa wanakufa. Tulipita gari lenye namba za Kijerumani limeingia kwenye mahindi, keria imepasuka, nguo za watoto zimetapakaa kwenye mabua, na mwanamke amekaa kwenye sanduku pembeni ya barabara hasemi kitu. Abi akazima redio, akaniambia shika usukani wewe umelala zaidi, na mpaka Belgrade hakuna aliyeongea.

Nikiwaambia watu kwamba barabara iliyonitisha kuliko zote maishani mwangu si mlima Kitonga kule Iringa wala si ile ya Lushoto, ni ya Ulaya, wanadhani natania.

Lakini Serbia, bado ndani ya Yugoslavia hiyo hiyo, ndo barabara ilipoanza kuchangamka. Matikiti yamerundikwa pembeni chini ya mwavuli, mzee kakaa na mizani yake, nyama inachomwa, moshi unavuka lami, watoto wanakuja kuchungulia gari. Ukisimama unaulizwa unatoka wapi. Hata kule mpakani wakati wa kuingia Yugoslavia, askari alivyosoma Tanzania akasema Nyerere! mi nikamjibu Tito! akacheka akanigongea muhuri bila kuniuliza lolote, mara ya kwanza na ya mwisho pasi yangu kunisaidia kwenye safari ile. Tito, aliyekuwa rais wao, alishafika kwetu 1970, na mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana ulifanyika Belgrade 1961, kwa hiyo mtu wa makamo pale Tanzania alikuwa anaijua. Waulize leo.

Na kitu kidogo sasa. Kuna nchi moja kwenye njia ile sitaitaja, Waturuki wa wakati ule wanaijua, unasimamishwa kila baada ya muda kidogo, taa hii ina tatizo gani, tairi hili vipi, mzigo umezidi, faini ni hii. Abi alikuwa na katoni ya sigara chini ya kiti kwa kazi hiyo tu, anateremka na pasi, ndani ya pasi kuna noti ya marki kumi, hela ya Kijerumani ya wakati huo, mkononi pakiti mbili, wanaongea kidogo, anarudi. Mi nipo kwenye kiti najisikia niko nyumbani kabisa. Wala hakuwa anakasirika, alikuwa ameshaihesabu kwenye bajeti ya safari pamoja na mafuta.

Kapıkule, mpaka wa Bulgaria na Uturuki, ile sikuwa nimewahi kuona foleni kama ile. Magari hayana mwisho, jua linawaka, watu wameshazima injini wanasukuma kwa mkono. Ila foleni yenyewe ilikuwa mtaa. Wanawake wametandika mikeka kati ya magari, majiko ya gesi yanawaka, birika la ghorofa mbili la chai linapita gari kwa gari, mtu humjui anakupa nyanya na jibini na mkate, mtoto wa huyu analala kwenye gari la yule. Watu hao hao niliokuwa nawaona kwenye meza za zege Ujerumani kila mmoja na lake. Ndo maana nikisikia "Wazungu ni wakavu, sisi wakarimu" naona tunakosea hesabu, anayekausha watu ni barabara yenyewe na haraka yake, ukiwaweka hao hao mahali hawawezi kukimbia wanaanza kugawana nyanya.

Baada ya hapo minara minne ya msikiti wa Selimiye unaiona kutoka mbali kabla hata mji wa Edirne hujauona, kazi ya Sinan hiyo, fundi mkuu wa majengo wa masultani, karne ya 16. Tulifika adhuhuri. Adhana ya hewani, ya kipaza sauti, sikuwa nimeisikia tangu niondoke Tanga, Abi akasimamisha gari akaniacha nishuke kwanza yeye akatafute pa kuegesha.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Ile barabara ya Undugu na Umoja mwaka 1991 ilikatika katikati kwa vita, Yugoslavia ikavunjika, Wakroati na Waserbia wakapigana, na Waturuki ikabidi wazungukie Hungary na Romania kwa miaka. Leo ukiipita njia hiyo hiyo Austria kwenda Slovenia unapita tu, Slovenia kwenda Croatia unapita tu, Croatia imeingia Schengen na kuchukua euro Januari 2023. Ila Croatia kwenda Serbia, mahali ambapo mi 1987 nilipita katikati ya mahindi bila hata kibao, leo kuna mpaka mzito, geti, kamera, mbwa, foleni ya Agosti. Geti limeondoka Salzburg likaenda kuota kwenye mahindi. Na hata Salzburg, Ujerumani imerudisha ukaguzi tangu 2015. Sasa hao waliozaliwa bila mipaka ni wapi?

Na sisi tuliozaliwa nayo ni wapi? Mi mtoto wa Tanga, nakumbuka Jumuiya ile ya Afrika Mashariki ya 1967, reli moja, posta moja, shirika moja la ndege, wajomba wanakwenda Mombasa kufanya kazi bandarini wanarudi sikukuu. 1977 ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka Novemba 1983, na kugawana vyombo tukasuluhishwa na Mswisi, Victor Umbricht. Mswisi! Kwa hiyo kuna miaka ambayo Mturuki na friji yake alikuwa anavuka Austria, Yugoslavia na Bulgaria kila kiangazi, na mtu wa Jasini, upande wetu, haruhusiwi kwenda Vanga, upande wa Kenya, anapoiona kwa macho. Hiyo ilikuwa siasa ya watu fulani mwaka fulani, haikuwa damu yetu. Jumuiya mpya imesainiwa 1999 Arusha, Kenya, Uganda na Rwanda wao tangu 2014 raia wanapita kwa kitambulisho tu, Tanzania tukasita, na mi sijawahi kusikia sababu iliyonitosha. Tanga Horohoro siku hizi ni lami safi, mpakani kuna kituo cha pamoja, na bado mtu wa gari dogo anatumia muda mwingi dirishani kuliko barabarani.

Kitu kimoja ningependa kukijua, na wanaojua wako huko huko Pwani. Nyie wa Vanga na Jasini, Wadigo wa pande zote mbili, ile miaka sita na zaidi ya kufungwa mlikuwa mnapita wapi? Maana nilikuwa nasikia mpaka umefungwa, na harusi zikawa zinaendelea kama kawaida na maharusi wanatoka upande wa pili.