Mtihani wa Akili Mnemba Hufanywa kwa Kalamu

Kurudia slaidi zote usiku wa kuamkia mtihani wa utangulizi wa akili mnemba ni kujipa moyo tu. Katika somo hili alama huwaponyoka hata walioelewa, kwa sababu mkono haujazoea kufuata algoriti hatua kwa hatua. Wiki ya mwisho funga kompyuta, chukua karatasi na maswali ya miaka iliyopita.

Chukua A*, algoriti ya kutafuta njia yenye gharama ndogo kabisa. Kila mtu amekariri f = g + h (g ni gharama ya kufika kwenye nodi, yaani kituo cha njiani, na h ni makadirio ya gharama iliyobaki hadi lengo), ila swali linapima foleni, yaani nodi zinazosubiri, ambayo hutoa kwanza yenye f ndogo kabisa. Tuseme kutoka mwanzo S unakwenda A kwa gharama 1 au B kwa 2. A inafika lengo G kwa 10, B inafika G kwa 3. Makadirio h ni 1 kwa A, 3 kwa B, 0 kwa G. A inatolewa kwanza, maana f yake ni 2 na ya B ni 5. Papo hapo G inaingia kwenye foleni ikiwa na 11, na wengi huandika 11 wakafunga swali. Jibu ni 5, kupitia B. Unasimama lengo linapotolewa kwenye foleni, si linapoingizwa. Chora jedwali: nodi iliyotolewa, foleni nzima pamoja na f zake, nodi zilizokwisha. Hata ukikosea kujumlisha, msahihishaji ataona ulikopita. Nodi mbili zikilingana f, fuata kanuni iliyotajwa kwenye swali. Mara nyingi ni ya alfabeti.

Mtego mwingine upo kwenye fumbo la vigae 8, la kusogeza vigae kupitia nafasi tupu hadi vikae kwa mpangilio. Ukijumlisha umbali wa kila kigae hadi mahali pake ili kupata h, usihesabu nafasi tupu. Ikibaki hatua moja tu, kigae kina umbali 1 na nafasi tupu 1: umepata 2, makadirio yamezidi gharama halisi, na A* haina tena dhamana ya kupata njia bora.

Kupogoa kwa alfa-beta, yaani kuacha matawi ya mti wa mchezo yasiyoweza kubadili jibu, kunahitaji mazoezi kuliko mada nyingine zote. Mzizi ni Max (huchagua thamani kubwa), chini yake Min watatu (huchagua ndogo), majani yakisomwa kutoka kushoto: 5, 7, 6, kisha 4, 9, 8, kisha 8, 6, 3. Min wa kwanza anatoa 5. Wa pili akiona 4 tu, 9 na 8 hazisomwi, maana Max tayari ana 5. Wa tatu hapogolewi chochote, kwa kuwa 3 imekaa mwisho. Ingetangulia, majani mawili yangekatwa. Mzizi unabaki 5 vyovyote vile. Kama jibu lako la mzizi linatofautiana na la minimaksi ya kawaida (hesabu ile ile bila kupogoa), umekata tawi lisilostahili.

Kwa kanuni ya Bayes, ya kupata uwezekano baada ya kuona ushahidi, achana na desimali, hesabu watu. Ugonjwa umewapata 1% ya watu, kipimo kinawanasa 90% ya wagonjwa na kuwasingizia 5% ya wazima. Kati ya watu 10,000, wagonjwa 90 na wazima 495 wanaonekana nao: uwezekano kwamba aliyeonekana nao ni mgonjwa kweli ni 90/585, takriban 15%.

Ukiulizwa kwa nini perseptroni moja (neuroni bandia inayotoa 1 pale tu w1x1 + w2x2 + b inapozidi 0) haiwezi XOR (jibu ni 1 pale ingizo moja tu kati ya mawili ni 1), usiandike insha. Andika b ≤ 0, w1 + b > 0, w2 + b > 0, w1 + w2 + b ≤ 0. Jumlisha mbili za kati, w1 + w2 + 2b inazidi 0. Jumlisha ya kwanza na ya mwisho, haizidi. Yanapingana, hivyo haiwezekani.