Asilimia 14, kisha giza

Hivi hii laptopu inanionaje? Chaji ikifika asilimia 20 kioo kinafifia, na kila ninachobofya kinajivuta kama kimeamshwa usingizini. Sawa, inabana matumizi, naelewa. Kinachonichefua ni uongo. Pale kwenye kona imeandika dakika 40 zimebaki; nainuka kutafuta waya wa chaja, narudi nakuta giza! Kumbe ile asilimia ni makadirio tu. Betri ikishachoka, volteji huporomoka ghafla na mashine hujizima hata ikiwa 14. Na onyo lenyewe? Linachomoza nikiwa katikati ya sentensi, kidole kinagonga Enter, linatoweka kabla sijalisoma. Aya mbili zimekwenda na maji. Sikuhifadhi, ndiyo, najua. Usiniambie.