Hatari! ya 1962: igeuzwe tamthilia au iachwe?

Siku hizi ni nadra filamu iliyopendwa ikaachwa ipumzike. Kampuni huona nafuu kuuza jina linalojulikana kuliko kubahatisha hadithi mpya, basi filamu inageuzwa tamthilia ya televisheni. Kwetu Arusha, filamu ya kuipima kwa jicho hilo ni Hatari! ya mwongozaji Howard Hawks. Ilitoka mwaka 1962, John Wayne akiongoza kikosi cha kukamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Mmoja wa waigizaji wake, Hardy Krüger, alinunua shamba pale Momella, chini ya Mlima Meru, na hoteli iliyopo hapo leo ina jina la filamu.

Wanaotaka filamu ziachwe zilivyo wana ushahidi. Minority Report ya 2002 ilifanywa tamthilia mwaka 2015 ikakatwa baada ya sehemu 10. Westworld ya 1973, ambayo haikufika hata saa moja na nusu, ilizaa misimu minne. Wa kwanza ulishika watu barabara, lakini hadithi ikazidi kujikunja hadi kituo cha televisheni cha HBO kikaisitisha mwaka 2022. Mwandishi wa filamu anajua anakoishia. Wa tamthilia hajui kazi yake itakatwa lini, kwa hiyo kila fundo akilifungua analifunga tena. Anayefuatilia tamthilia zetu za jioni anaijua adha hiyo: ugomvi wa mirathi unaburuzwa miezi na miezi bila mtu kupiga hatua.

Lakini M*A*S*H ya 1970 iliingia kwenye televisheni mwaka 1972 ikadumu hadi 1983, kwa sababu hospitali ya vita hupokea majeruhi wapya kila siku. Hakukuwa na haja ya kuvuta kisa kimoja. Na mwandishi Noah Hawley alipoigeuza Fargo, filamu ya ndugu Coen, kuwa tamthilia mwaka 2014, aliwaacha wahusika wote wa filamu, akabaki na theluji ya Minnesota na watu wa kawaida wanaotumbukia kwenye uhalifu.

Kwa kipimo hicho, cha mazingira yanayoweza kubeba visa vipya, Hatari! inafaa kuliko nyingi. Ina zaidi ya saa mbili na nusu, ila mkasa wenyewe ni haba: windo baada ya windo, jioni kurudi kambini. Na imeacha nje jambo kubwa mno, yaani sisi. Waafrika wanapita humo wakiwa wasaidizi na wapishi, ilhali Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, baada ya filamu kupigwa na kabla haijatoka. Engare Nanyuki, jirani kabisa na Momella, ndiko Wameru walikofukuzwa mwaka 1951 kuwapisha walowezi, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet kwenda kuwasemea Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Hayo yote yalikuwa yamewapata majirani wa kambi ile, na filamu haikuuliza. Tamthilia ingekuwa na muda wa kuuliza.

Hasara nayo ipo, tena si ndogo. Kinachopendwa katika Hatari! ni kwamba kifaru anayegonga gari ni kifaru kweli, na waigizaji wenyewe wako juu ya gari hilo. Leo huwezi kumkimbiza kifaru mbugani kwa ajili ya burudani, na haifai kabisa. Utaletewa kifaru wa kompyuta. Ukiondoa hatari yenyewe, kinachobaki cha Hawks ni soga za kambini na mapenzi.

Ndiyo maana naunga mkono tamthilia kwa sharti moja tu: waandishi watoke huku, na windo lisiwe moyo wake. Sehemu ya kwanza ianzie Engare Nanyuki 1951, nyumbani kwa familia inayofungasha vyombo. Kikosi cha wakamata wanyama kije sehemu ya tatu au ya nne, kikitafuta dereva anayeijua njia ya Momella.