Cheti cha Amali na Hesabu ya Rodi

Mwishoni mwa 2027, mambo yakienda kama yalivyopangwa, vijana walioingia kidato cha kwanza Januari 2024 katika mkondo wa amali, yaani sekondari inayofundisha na ufundi, watakaa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Mwaka huohuo darasa la saba la mwisho na darasa la sita la kwanza la mtaala mpya watamaliza shule ya msingi pamoja, na Januari 2028 wote watabisha hodi sekondari kwa mpigo. Wengi wao wataelekezwa kwenye amali. Kwa mikoa ya Tabora na Kigoma, swali la cheti cha ufundi kina thamani gani limeshatoka mezani, limeingia darasani.

Kilichobadilika ni hiki. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imegawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Wa amali anasoma masomo ya jumla yanayotahiniwa na NECTA, baraza la mitihani, na fani yake inapimwa kwa ngazi za NVA, yaani tuzo za taifa za ufundi stadi, zilezile anazopimwa kijana wa VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021, msimamizi wa ngazi hizo ni NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi lililokuwa likiitwa NACTE. NVA inakwenda 1 hadi 3, kisha inapokelewa na NTA, tuzo za vyuo vya elimu ya juu zaidi ya ufundi, ya 4 hadi 10. Kwenye karatasi, mtu anaweza kuanza na mwiko wa uashi akamaliza na shahada ya uzamivu bila kupitia kidato cha sita.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito, na haifai kuipuuza kwa sababu tu utekelezaji unasuasua. Zamani ngazi zilikuwa mbili na hazikugusana. Fundi aliyefanya majaribio ya ufundi akapanda daraja la III, la II hadi la I alifika hapo akagota. Juu yake palikuwa na dari. Kijana wa kidato cha nne aliyepata sifuri naye alirudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka minne ya kukariri vitu ambavyo hakuna mtu Kaliua angemlipa kwa kuvijua. Cheti cha ufundi kinachotoka shuleni humohumo kinampa kitu cha kushika, na NVA 3 inatambulika kama mlango wa NTA 4, ingawa kozi nyingi bado zinataka na ufaulu wa kidato cha nne. Halafu kuna heshima. Tabora ilipewa mwaka 1925 shule ya kuandaa watoto wa watawala, na fikra kwamba msomi ni mtu wa kalamu ina mizizi mirefu pale. Ufundi ulibaki kwenye karakana ya reli, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kuuweka ufundi ndani ya sekondari ya kawaida ni kuuondolea sura ya adhabu.

Sasa upande wa pili. Shule kongwe za sekondari za ufundi ni Tanga, Moshi, Ifunda, Mtwara, Musoma, Bwiru na Iyunga. Hakuna hata moja iliyoangukia Tabora wala Kigoma. Shule ya amali inayoanza leo Buhigwe au Sikonge haina karakana ya kurithi, haina mwalimu mzee wa kumfundisha mwalimu kijana, haina hata jiriwa iliyochakaa. Inaanza na jengo jipya, na mara nyingi na mwalimu anayejua kuuelezea ufundi kuliko anavyoujua kwa mikono.

Tuanze na saa, kwa sababu mjadala mwingi unaziruka. Tuseme shule inatoa vipindi 10 vya dakika 40 kwa wiki kwa fani moja. Hizo ni saa 6 na dakika 40. Kwa wiki 39 za masomo, kwa miaka minne, zinafika saa 1,040. Kijana wa chuo cha ufundi anayeingia karakana saa 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki hizohizo 39, anafikisha saa 975 kwa mwaka mmoja. Maana yake miaka minne ya amali, bila kupunguza siku za mitihani ya mock, mahafali na mvua, ni kama mwaka mmoja wa chuo na wiki mbili na nusu hivi juu. Chuoni ngazi moja ya NVA huchukua kwa kawaida mwaka. Sasa mpe huyu wa shule cheti cha ngazi ya tatu, umpe na yule wa chuo cha ngazi ya tatu, halafu uwapeleke wote kwa mwajiri mmoja. Mwajiri akishalia mara moja, hatachukia shule ile pekee. Ataidharau karatasi nzima, na wa VETA atalipa deni asilolikopa.

Hesabu ya pili ni ya vifaa. Chukua darasa la kuchomelea lenye wanafunzi 40. Mwanafunzi anayejifunza kunyoosha mshono hawezi kupata chochote cha maana kwa chini ya rodi 10, vile vijiti vya kuchomelea, kwa zoezi. Rodi ya milimita 2.5 inaisha kwa dakika moja na ushee. Zoezi moja kwa wiki ni rodi 400, na kwa wiki 39 ni rodi 15,600. Pakiti ya kilo 5 ya ukubwa huo ina rodi kama 260, kwa hiyo darasa linahitaji pakiti 60 kwa mwaka. Ruzuku ya uendeshaji elimu bila ada ilipoanza ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, nusu yake ikibakizwa kwa ajili ya vitabu. Kwa kiwango hicho wanafunzi 40 wanaleta shuleni shilingi 500,000. Igawe kwa pakiti 60 upate shilingi 8,333 kwa pakiti, na hapo hujanunua chaki, hujanunua chuma chenyewe cha kuchomelea. Nenda duka lolote la vifaa Mwanga, Kigoma, uulize kama pakiti ya kilo 5 inapatikana kwa bei hiyo. Fani hii bila fungu lake maalumu inakuwa somo la kuchora rodi ubaoni.

Umeme nao. Mashine ndogo ya kisasa inayochomelea kwa amperi 130 inavuta kwenye laini ya njia moja amperi 20 hadi 25. Washa tatu kwa pamoja na switchi kubwa ya amperi 60 inakatika. Shule inayotaka karakana iombe umeme wa njia tatu, unaobeba mzigo mkubwa, kabla ya kupaka rangi ukuta, si baada ya mashine kufika.

Lakini mahali pa kweli pa kupimia mageuzi haya ni siku ya tathmini. Jaribio la haki la kuchomelea linajulikana: vipande viwili vya bamba la milimita 10, kila ukingo umekatwa mshazari wa digrii 30, mwanya wa milimita 2 hadi 3 katikati. Mshono wa shina, ule wa kwanza wa chini kabisa, unapigwa kwa rodi ya 2.5 kwenye amperi 70 hadi 90, magamba yanayoachwa na rodi yanagongwa na kusuguliwa kwa brashi ya waya, kisha unajazwa kwa rodi ya 3.2 kwenye amperi 100 hadi 130. Ukipoa, mtahini anaukata mfereji mdogo katikati ya mshono, anaubana kwenye jiriwa na kuuvunja kwa nyundo. Hakuna mashine ya gharama hapo. Ndani ya ule mvunjiko mambo yote yako wazi: vitundu vya hewa, magamba yaliyofukiwa, na kosa kubwa kuliko yote, mstari mweusi chini unaoonyesha kuwa kingo hazikuyeyuka zikashikana. Mafundi wengi wazuri wa mageti huangukia hapohapo. Bomba la geti la milimita 1.5 haliwahi kudai mshazari, kwa hiyo mshono wao unapendeza kama magamba ya samaki kwa juu huku shina likiwa tupu.

Jaribio hilo, tangu kukata kingo hadi kuvunja, linakula dakika 90. Watahiniwa 40 kwa mashine tatu ni mizunguko 14, yaani saa 21 za kazi. Mtathmini aliyetumwa kwa siku moja, na ana shule nyingine kesho yake kilomita 100 mbele, atafanya nini? Atawapanga watano watano kwenye kipande kimoja, atautazama mshono kwa juu, atajaza kilichobaki kwa alama za maendeleo alizotoa mwalimu. Na mwalimu anayejua shule yake itapangwa kwa ufaulu haandiki "bado hajafuzu" mbele ya jina la mtoto wa mwenyekiti wa kijiji. Hapo hakuna mwizi. Muda tu haukutosha, na karatasi ikatoka.

Fani nyingine ni nyepesi zaidi kuzipima, na hapa nadhani mkoa wa Tabora unaacha dhahabu chini ya mkeka. Ufugaji nyuki hauhitaji umeme wa njia tatu. Mtathmini anapima upana wa vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya mzinga: milimita 32 kwa nyuki wetu. Vikiwa 35, nyuki hujenga masega ya kukatisha na mzinga haufunguki bila kuharibu. Anamtazama mtahiniwa akichagua sega la kuvuna, ambalo theluthi mbili walau zimefungwa kwa nta. Anapima maji kwenye asali, na ikizidi asilimia 20 itachacha kwenye ndoo. Makosa matatu, vipimo vitatu, na kila kimoja kinatoa jibu la wazi. Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko Tabora mjini, kinatoa astashahada na stashahada, kwa hiyo hata ngazi ya kupanda ipo mlangoni. Kigoma vivyo hivyo kwa mazao ya ziwa: FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, ina kampasi huko, na watu wa Kibirizi wanaojua kukalafati mtumbwi usivuje ni walimu wa ziada ambao hakuna aliyewaita. Kuchagua fani kwa kufuata kilicho jirani ni rahisi kuliko kusambaza orodha moja nchi nzima.

Na mafundi ambao shule imewapita? Kwao kuna urasimishaji ujuzi, yaani kupimwa na kupewa cheti kwa ujuzi walioupata kazini. Fundi anajaza fomu, anahojiwa, anakusanya ushahidi wa kazi zake, anafundishwa mapengo yaliyoonekana, kisha anapimwa. Wanaoupinga wanasema ni cheti cha siku chache kwa kazi ya miaka. Wameukosea. Miaka fundi ameshaitumikia, kinachobaki ni kuipima. Ugumu uko kwingine. Fundi umeme wa Ujiji anafunga nyumba nzima bila kosa, waya wa 1.5 kwenye taa, wa 2.5 kwenye soketi, lakini hajawahi kushika megga, kile kifaa kinachopima kwa volti 500 kama waya unavujisha umeme, na mchoro uliojaa maneno ya Kiingereza unamtoa jasho. Cha kwanza ni pengo la kweli na lazima lizibwe. Cha pili ni pengo la lugha, na kumwangusha mtu kwa hilo ni uonevu. Aulizwe kwa mdomo, kwa Kiswahili, aonyeshe kwa kidole.

Cheti kwake si pambo la ukutani. Leseni ya kufunga umeme inatolewa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na inadai cheti, na TANESCO inataka mkandarasi mwenye leseni athibitishe mfumo wa nyumba kabla ya kuunganisha. Asiye na leseni anafanya kazi, kisha anamlipa mwenye leseni agonge muhuri kwenye nyumba ambayo hakuiona. Nyumba ikiungua, aliyegonga hajui waya ulipita wapi na aliyeupitisha hayumo kwenye fomu.

Kwa maoni yangu mageuzi yasisimamishwe, ila shule ipewe haki ya kutoa kile ambacho saa zake zinatosha: ngazi ya kwanza iliyo imara, na vipande vya ngazi ya pili. Kinachobaki kimaliziwe likizo za Juni na Desemba kwenye vyuo vyenye karakana na mabweni, VETA au vyuo vya maendeleo ya wananchi kama Kasulu, Kibondo, Sikonge na Urambo. Wapo watakaosema hilo litamrudisha mtoto wa amali kuwa raia wa daraja la pili. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni karatasi inayoambatana na cheti kutaja kazi zenyewe badala ya namba ya ngazi tu: amechomelea bamba la milimita 10 likiwa limelazwa, mshono ukavunjwa na kukaguliwa, saa za karakana, 1,040. Mkandarasi wa reli akisoma mstari huo anajua amuweke wapi Jumatatu.

Na stoo isisahaulike kwenye ramani ya karakana. Pakiti ya rodi iliyofunguliwa Kigoma mwezi wa tatu, mvua zikiwa hazijakatika, hunyonya unyevu kimyakimya na kutoa mshono wenye vitundu. Mtahini akiuvunja hataweza kujua kama kosa ni la kijana au la stoo.