Kabla korosho hazijaanza kudondoka, semeni nani atabaki na bibi

Msimu wa korosho ukikaribia Newala, Tandahimba na Masasi, familia hupanga mengi: nani atasafisha chini ya mikorosho, nani ataokota, nani atapeleka mzigo ghalani. Jambo moja huachwa bila kupangwa. Bibi aliyeanza kusahau, anayeuliza swali lilelile mara kumi kabla ya chai, anabaki mikononi mwa yeyote aliyekosa pa kukimbilia. Mara nyingi ni binti mmoja, tena yuleyule wa mwaka jana. Naona hapa ndipo demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uelewa, inapotuumiza zaidi Mtwara na Lindi, na ndipo tafiti zina jambo la kutusaidia ambalo bado hatujalitumia.

Watu husema "amerudi utotoni" au "uzee umemzidi". Si uzee tu. Ni ugonjwa wa ubongo, na aina iliyo nyingi zaidi ni Alzheimer, inayochukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Nyingine hutokana na kiharusi, na huku shinikizo la damu lisilotibiwa ni jingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba ndugu anayeuguza hutumia kama saa 5 kila siku kwa kazi hiyo peke yake. Saa hizo 5 wakati wa korosho ni nusu ya siku ya kuokota. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na kuendelea. Hai si Ruangwa, lakini kijiji chenye wazee mia wa umri huo kinaweza kutegemea wagonjwa sita hivi, hata kama zahanati haijawahi kuandika hata mmoja.

Kabla ya yote, tofautisheni kilichoanza polepole na kilichoanza ghafla. Demensia huja kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa anaelewa Jumatatu, Jumatano haelewi, anaona watu wasiokuwepo, analala mchana na kukesha usiku: huyo ana kitu kingine juu yake, na ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Yanayosababisha ni ya kawaida kabisa: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, choo kilichoganda siku tano, kukosa maji mwilini, nimonia. Aliyeanguka wiki kadhaa zilizopita anaweza kuwa na damu iliyovuja ndani ya fuvu. Dawa nazo zina lawama yake. Piritoni ya mafua, amitriptilini ya maumivu na diazepamu ya usingizi, zote hununuliwa kirahisi, na zote humvuruga mzee akili. Pelekeni dawa zote anazotumia kwenye mfuko mmoja, pamoja na za miti shamba, muziweke mezani kwa daktari. Hata kwa aliyeanza polepole, ombeni apimwe VVU, kaswende, sukari na wingi wa damu, na pakiwa na uwezo tezi ya shingo pia, kwa sababu baadhi ya usahaulifu hutibika.

Halafu kuna haloperidoli, dawa ya magonjwa makali ya akili. Familia iliyochoka kukesha huomba "dawa ya kumtuliza", na mara nyingine hupewa hiyo. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ililipanua onyo lake kwa dawa za kundi hilo: zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia. Kuna wakati daktari atalazimika kuitumia, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi. Lakini isiwe jibu la kwanza kwa bibi anayegoma kuoga.

Maana kuoga ndiko ugomvi unakoanzia nyumba nyingi. Tazama yanavyokwenda vibaya: saa moja asubuhi, kuna baridi, binti ana haraka ya shamba. Anamvuta mama mpaka uani, anamvua khanga, anamwagia kopo la maji kichwani. Kwa mama ambaye dakika hiyo hamkumbuki binti yake, huyo ni mtu asiyemjua anayemvua nguo hadharani. Anapiga, anang'ata, anapiga yowe. Ana haki ya kuogopa.

Sogezeni kuoga hadi saa sita mchana, jua likiwa limepasha ua. Maji ya vuguvugu yawe tayari, sabuni, taulo na nguo safi viwe karibu kabla hamjamwita, kwa sababu ukimwacha katikati ukafuate sabuni, shughuli imeharibika. Akae kwenye kigoda, khanga moja ibaki mwilini mwanzo mpaka mwisho, uoshe kwa chini yake. Anza na miguu. Maji yakianza miguuni mwili hauruki; kichwa kiwe mwisho kabisa, au kiachwe siku hiyo kifutwe kwa kitambaa. Sema jambo moja kwa wakati: "Mama, naosha mguu." Nyamaza, osha, kisha: "Sasa mkono." Mpe kitambaa aoshe mwenyewe anachoweza. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, sehemu za siri zikisafishwa kila siku. Na aoshe mtu ambaye desturi inamruhusu. Mkwe wa kiume hawezi kumwogesha mama mkwe, na mama mwenye demensia bado anaijua haya hiyo hata akiwa amesahau majina yote.

Jambo la pili ni magharibi. Mama anajifunga khanga, anachukua kikapu: "Naenda kwetu." Binti anamjibu, "Mama, hapa ndiyo kwako, nyumba hii mliijenga na baba." Ni kweli, na haisaidii chochote. Mama anasikia kwamba anazuiliwa. Sauti zinapanda, mlango unafungwa kwa nguvu, na usiku mzima umeshapotea. Jibu linaloshika ni swali: "Kwenu wapi, mama?" Akisema Nachingwea, mwulize treni ya karanga, ile ya mashamba ya karanga ya Waingereza, ilikuwa inapita wapi. Mwenye miaka themanini leo alikuwa mtoto reli ile ilipokuwa bado inafanya kazi, na kumbukumbu za zamani hukaa ndani muda mrefu kuliko za jana. Tembeeni pamoja mpaka kwenye mwembe, mrudi taratibu. Atakapofika uani atakuwa anaona anafika kwao.

Lakini ni bora kuiwahi hali hiyo. Jioni kuna uchovu, njaa, kibofu kilichojaa, na vivuli ambavyo macho yake yanavisoma kama watu. Uji saa kumi, msalani saa kumi na moja, taa iwashwe saa kumi na moja na nusu kabla giza halijaingia. Usingizi wa mchana usizidi saa moja. Maji apewe kikombe kila baada ya saa mbili bila kusubiri aombe, kwa sababu kiu hupungua uzeeni. Baada ya magharibi mpunguzie, asiamkeamke.

Kuhusu chakula nisisitize moja tu: samaki achambuliwe miiba na mtu mwingine, tonge liwe dogo, na akae wima mpaka nusu saa baada ya kula.

Msimu wenyewe una hatari yake. Salfa na dawa za maji za mikorosho huwekwa ndani ya nyumba, na masalio humiminwa kwenye chupa za soda. Mtu mwenye demensia akiona chupa ya soda, anakunywa soda. Sanduku lenye kufuli, ufunguo kwa mtu mmoja, na mafuta ya taa yaingie humo humo. Kisima kifunikwe. Vijana wa bodaboda kijiweni waambiwe kwa jina na sura, na namba ya simu ishonwe kwenye pindo la khanga anayoipenda. Akipotea, tafuteni kwanza karibu na nyumba, kisha njia za shamba la zamani, kisima cha zamani, nyumba aliyozaliwa.

Sasa huyo anayeuguza. Tafiti nyingi zimekuta kwamba kumpa mlezi maelezo peke yake kunamwongezea ujuzi, ila mzigo unabaki palepale. Kinachopunguza mzigo ni vipindi kadhaa vya kufundishwa nyumbani, juu ya tatizo lililopo nyumba ile, mtu akifanya na kurudia. Huko Uingereza, mpango wa vipindi 8 ulipunguza huzuni na wasiwasi wa walezi, na nafuu hiyo ilionekana hata miaka 6 baadaye. Waliofundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa wahitimu wa saikolojia wakisimamiwa.

Karibu na sisi zaidi ni Goa, India, ng'ambo ya bahari hii hii. Watu wa kawaida, waliojua kusoma na lugha ya pale, walifunzwa kwa wiki moja kisha wakatembelea familia angalau kila baada ya wiki mbili kwa miezi 6, daktari wa akili akiwasimamia. Familia 81 zilishiriki, na afya ya akili ya walezi ikawa bora. Kundi la watafiti liitwalo 10/66, lililojipa jina hilo kwa sababu theluthi mbili za wagonjwa wapo nchi zinazoendelea na chini ya asilimia 10 ya utafiti ndiyo ilikuwa inawafikia, lilitengeneza mafunzo mafupi zaidi: vipindi 5 vya nusu saa hivi. Kimoja cha kuijua familia, viwili vya kueleza ugonjwa, viwili vya matatizo yenyewe.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaiweza kazi hii. Wanapita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya wajawazito na watoto. Waongezewe vipindi hivi vitano, na kwenye kila kimoja wamuulize mlezi anavyolala na wampime shinikizo lake yeye. Aliyeanza kumfinya au kumpiga mama yake amepungukiwa usingizi kabla hajapungukiwa utu, na ni wa kusaidiwa haraka.

Na ukoo una sehemu yake. Huku kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, binti hukaa karibu na mama, na neno la mjomba bado lina uzito. Ukoo unaokusanyika siku moja kwa ajili ya msiba unaweza kukusanyika kwa ajili ya zamu. Mjomba aite kikao, daftari liandikwe: nani analala na bibi usiku gani, ili binti apate angalau usiku mbili kamili kwa wiki, na nani anashika mchana mmoja. Ndugu aliye Dar es Salaam asitume vitenge. Alipe kibarua wa kuokota korosho za huyo binti, kwa kuwa mavuno ndiyo anayopoteza akibaki nyumbani.

Kikao kifanyike Julai. Vipindi vitano vya kila baada ya wiki mbili vitakuwa vimekwisha Septemba, na Oktoba korosho zikianza kudondoka, zamu itakuwa imeshazoeleka na bibi atakuwa ameshazijua sauti za watakaobaki naye.