Waya ni Waya, Ami

Jamani, mtu mzima akitaka kununua waya za gari hapa Malindi, lazima aundiwe kamati? Nimesema tu kwamba Land Rover yangu ya 1966 inataka waya mpya gari zima, kutoka dashibodi mpaka taa za nyuma. Za zamani chumvi ya bahari imeshazila. Ukizichuna, shaba ndani ni kijani tupu. Basi. Tangu hapo kila mwenye mdomo amekuwa fundi. Mpaka muuza madafu ananishauri. Muuza madafu! Mtu ambaye spana yake ni panga.

Kijana wangu yeye kazitia jicho zile za Kimarekani, za kufunga gari lolote, saketi 21. "Baba, hizi zina mpaka za madirisha ya umeme na kiyoyozi." Mwanangu, dirisha la gari hili husukumwa kwa mkono, na hapo mpaka lenyewe litake. Kiyoyozi chake ni vile vifuniko chini ya kioo cha mbele: ukivifungua, kusi linaingia na mchanga wake. Gari lilitoka kiwandani na fyuzi mbili. Mbili! Saketi zote hizo nizipeleke wapi, nisukie kitanda? "Utachajia simu," ananiambia. Hapo nikajua ni simu ya nani.

Fundi naye, Mungu amhifadhi, ana neno moja tu: "Waya ni waya, ami." Ana furushi alilong'oa kwenye gari dogo lililopinduka njia ya Mambrui, anataka kunipachika hilo, na zisipofika aunge kwa tepu. Akiunga, huunga kwa rangi iliyo karibu na mkono. Jirani yangu alifanyiwa hivyo. Leo akipiga honi, waipa zinainuka kukuamkia.

Wakati Mwingereza, sema utakavyo juu yake, rangi alizipanga kwa adabu. Kahawia ni moto wa betri usiolala. Nyeupe hupata moto ukifungua swichi. Kijani ni moto uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Nyeusi ni athi, inashika chasi. Ukikwama Marafa usiku na tochi ya simu, unafuata rangi na unafika. Za fundi wangu unashika nyekundu, inaingia kwenye tepu, inatoka bluu, inaingia tena, inatoka kamba ya mkonge.

Haya, tuagize Uingereza. Wauzaji nao wananihoji kama mkwe anayeposa. Mwaka gani? Usukani upande gani? Betri inachajiwa na dainamo au oltaneta? Taa kubwa ziko katikati, kwenye grili, au kwenye madigadi? Maana mwisho wa miaka ya 1960 zilihamishwa, na waya za mbele haziendi sawa tena. Halafu lile swali la kuninyima usingizi: athi chanya au hasi? Magari haya mpaka 1967 yalikuwa yakifungwa chanya ya betri kwenye chasi, kisha wakageuza. Langu ni la kabla, lakini limepita mikono mingi, na ukifunga oltaneta kinyume diodi zake, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinaungua papo hapo. Nikamuuliza fundi kama limegeuzwa au bado.

"Ami, linawaka?"

Linawaka.

"Basi athi ipo."

Kisha eti nataka za plastiki au zilizofumwa uzi wa pamba kama za asili? Za pamba ni ghali zaidi, na wa kwanza kuzisifu watakuwa panya wa nyumbani kwangu. Mama watoto kasikia bei ya plastiki tu, akauliza kama zinakuja na gari.

Nimeagiza plastiki: usukani kulia, dainamo, taa za katikati. Leo fundi kanipigia, sauti tamu kama halua. Anauliza nikizing'oa zile za zamani nitazitupa wapi, maana ameshapata mteja.